Kostiki na Mkebe wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gambuti, aproni ya mpira, glavu na miwani, kisha supavaiza wa usafi akanisimamisha mbele ya ndoo ya chuma isiyoshika kutu. Kiwanda chetu cha maziwa kilikuwa nje kidogo ya Kaplong, na huyo supavaiza alikuwa mzee mfupi asiyependa kurudia neno.

"Chebet, nini kinatangulia kwa ndoo?"

"Maji," nikabahatisha.

"Maji baridi. Halafu soda, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda itakurukia usoni, na stoo yetu haina macho mengine ya kukupa."

Nyinyi vijana wa leo mnabonyeza kitufe, mashine inajichanganyia. Sisi tulichanganya kwa mkono. Hiyo soda ndiyo kostiki, au sodiamu haidroksaidi kama gunia lilivyosema, nayo ilikuja kwa vidonge vyeupe vidogo. Inayeyuka majini kwa pupa, na ikiyeyuka inatoa joto lake yenyewe. Mara ya kwanza niligusa ile ndoo nikatoa mkono haraka, nikatafuta moto uko wapi. Gunia likisahaulika wazi, na hizi mvua zetu, vidonge vinanyonya unyevu wa hewa mpaka vinalia machozi. Vikikaa zaidi vinanyonya hewa ya ukaa pia, nguvu inapungua, unabaki na kitu karibu na magadi. Kwa hivyo hatukuamini macho. Tulitia matone ya dawa ya kupimia, maji yakageuka waridi, kisha tukadondosha asidi tone kwa tone tukihesabu, mpaka rangi ipotee. Nilipenda sana lile tone la mwisho.

Kazi ya kostiki ilikuwa kusafisha mabomba. Mafuta ya maziwa yakikutana nayo ikiwa moto yanageuka sabuni na kwenda na maji. Hata ikikugusa kidole unahisi utelezi, kwa sababu imeanza kukupika sabuni wewe mwenyewe. Hapo unakimbia kwa mfereji kunawa, huulizi mtu.

Sasa ujinga wangu ulianzia hapo. Mama alikuwa na ng'ombe wawili na mkebe mmoja wa aluminiamu wa kupeleka maziwa kiwandani. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, alikisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet kama mama yake alivyofanya, na mkebe aliusugua kwa jivu. Lakini mafuta yalikuwa yameshika kwenye maungio, maziwa yanachacha njiani, na wiki hiyo yalikuwa yamerudishwa mara mbili. Mimi, mfanyakazi wa miezi mitatu, nikaona jivu ni ushamba. Nikachota vidonge stoo, nikafunga kwa nailoni, nikaenda navyo nyumbani bila ruhusa.

Maji nilitanguliza, hilo nilikumbuka. Mkebe ukatoa povu na kuvuma. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Kumbe kostiki na aluminiamu hazipatani kabisa: inaila, na lile povu ni gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Nilipomwaga, ndani palikuwa peusi. Mama alichungulia, akaenda kukama.

Asubuhi mimi na Mama tulipoupeleka kiwandani, mkebe ulivuja njia nzima. Pale mapokezi supavaiza aliupindua, akapitisha kidole kwenye vitundu.

"Hii imeliwa na kostiki. Chebet, ilitoka wapi?"

Kuiba stoo ilikuwa kufutwa kazi siku hiyo hiyo, na nyumbani hakukuwa na mshahara mwingine. Ndipo Mama akasema, yule mwanamke wa kanisa aliyetufanya turudishe hata pera la jirani:

"Ni mimi. Nilinunua dukani, nikapika sabuni humo."

Supavaiza alimtazama, akanitazama mimi, akarudisha macho kwa Mama.

"Mama, sabuni haipikwi kwa aluminiamu. Tumia sufuria ya chuma."

"Nimesikia. Kongoi, asante."

Akarudi nyumbani na mkebe mtupu, mimi nikabaki na kazi. Kwa miaka mingi hatukulizungumza jambo hilo. Nilipolipwa nilimnunulia mkebe mpya, akaupokea kama kwamba ule wa kwanza ulizeeka tu.

Kazi aliyoniokolea niliifanya mpaka nikaota mvi. Nilipelekwa kituo cha kupoza maziwa Kipkelion, halafu Kedowa, nikarudi Kaplong nikiwa supavaiza. Kila mgeni nilimfundisha kutanguliza maji, na siku hiyo hiyo nikamfundisha aluminiamu.

Sasa nimestaafu, na kazi naikosa jamani. Nakosa joto la mvuke asubuhi ya baridi, nakosa ile rangi ya waridi ikipotea kwenye chupa. Mama namkosa zaidi. Wiki yake ya mwisho hospitalini nilikuwa namnawisha mikono, sabuni ikaniponyoka, ikaanguka kwenye karai. Akafungua macho.

"Chebet. Ile sabuni yetu, iliiva?"

Miaka yote hiyo hakuwa ameitaja. Nilitaka kumwomba msamaha, nilitaka kumshukuru, na sauti haikutosha kwa yote mawili.

"Iliiva, Mama."

"Basi sikudanganya," akasema, akanipa mkono wa pili niuoshe.