Safari ya Kuchimbua Jina la Mkwe

Nilipaswa kukataa siku ileile. Ulikuwa msimu wa kwanza wa watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba, na mimi, niliyekuwa karani wa ushirika, nilikuwa nimekaa Bariadi bila kazi. Mnunuzi mmoja kutoka Uskoti, Bwana Mactaggart, alikuwa akitafuta wakala. Kwa kutaka kumpendeza, nikamwambia kwamba baba mkwe wangu kule Bukundi ana jina la ukoo kama lake, ila sisi hulitamka Makitagati. Aliweka kikombe chini.

"Nipeleke kwake," akasema. Nikakubali palepale.

Mke wangu Kulwa alikuwa akipepeta choroko nilipomweleza.

"Mkwe hatajwi jina," alisema. "La baba hujalitamka hata humu ndani tukiwa wawili. Leo unakwenda kulichimbua mbele ya mgeni?"

"Huenda ni ndugu yake."

"Baba hajasema anatafuta ndugu."

Asubuhi mimi na Bwana Mactaggart tuliondoka na Landrova yake. Kuanzia Lagangabilili pamba ilikuwa imerundikwa barazani, wakulima wakisubiri kuona nani atapandisha bei. Mto Simiyu ulikuwa mchanga mtupu. Tulivuka huku ng'ombe wakinywa kwenye visima vilivyochimbwa katikati yake. Njiani Bwana Mactaggart alinieleza kuwa jina lake ni la Kigaeli, lugha ya milimani kwao, na kwamba baba yake alikuwa mchunga kondoo. Maana ya jina alisema atamwambia mzee mwenyewe. Sikumuuliza zaidi.

Kimali tulisimama kunywa chai. Mama aliyetuuzia alimkagua mgeni kutoka kofia hadi viatu. "Huyu jua litamla kabla hamjafika," akasema, akamwongezea kikombe cha pili bure.

Bukundi tuliingia alasiri. Mkwe wangu alikuwa katekista, mtu mweupe kuliko majirani zake, mwenye macho ya kijivu. Mama yake alihamia pale akiwa amembeba mgongoni, akasema baba wa mtoto alikuwa Mzungu aitwaye Makitagati, fundi wa kinu cha pamba, aliyerudi kwao. Padri Mzungu wa misheni alimpenda yule mtoto, akamfundisha kusoma. Watu wa Bukundi walikuwa na neno la mama tu, nalo liliwatosha kwa miaka sitini.

"Mwadila, bhabha," nilimsalimu, macho chini.

"Mwadila, ng'wanawane," akaitikia, akiniita mwanawe. "Umeniletea nani?"

Majirani walijaa uani. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Bwana Mactaggart akamshika mzee mikono yote miwili, akaanza kusema kwa furaha, nami nikitafsiri kwa Kisukuma, sentensi baada ya sentensi. Alisema *mac* kwa Kigaeli ni mwana, kama sisi tunavyosema ng'wana. Watu wakacheka kwa kupendezwa. Kisha akasema sehemu iliyobaki ni padri. Jina lote ni Mwana wa Padri.

Nikatamka: "Ng'wana Padri."

Watu walitazamana. Kwetu ukimwita mtu ng'wana fulani, umemtaja aliyemzaa. Hatumaanishi babu wa zamani asiyejulikana hata kaburi lake. Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

Bwana Mactaggart aliendelea: kwamba karne nyingi zilizopita, huko kwao, mapadri wengine walioa, kwamba jina likaganda, likarithiwa na wachunga kondoo na mafundi ambao hawana padri yeyote kwao. Nilitafsiri yote hayo, tena kwa sauti kubwa. Hakuna aliyekuwa akisikiliza.

"Kumbe ukatekista ni urithi," mzee Mabula, jirani, alisema. Wachache walicheka.

"Ndiyo maana alifundishwa peke yake," mwanamke mmoja akaongeza.

Mkwe wangu alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nioe. "Mama yangu alikuwa na neno moja tu," alisema. "Umelichukua." Akaingia ndani. Kuku hakuletwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na wenye baiskeli walitutangulia na habari. Tulipofika Kimali, yule mama wa chai aliniuliza, "Ninyi ndio mliotoka kwa mtoto wa padri?" Bwana Mactaggart aliuliza amesema nini. Nilishindwa kumtafsiria.

Jumapili iliyofuata mkwe wangu aliposimama kuongoza sala, vijana walicheka. Hakusimama tena. Alifariki kabla ya pamba nyingine kuvunwa. Nilikwenda kuzika, shemeji zangu walininyima jembe la kufukia kaburi, na Kulwa hakurudi nami. Baada ya arobaini walinirudishia ng'ombe wote wa mahari, pamoja na waliozaliwa.

Nilijifunza kwamba jina la mtu mwingine si la kufunguliwa uani, hata likiwa na maana njema. Ng'ombe wa mahari wakirudi wote, watoto huhesabiwa wa ukoo wa mama. Wangu watatu wanaitwa Makitagati leo. Nilimpoteza mke wangu, na hakuna mtu duniani anayeitwa mwana wangu.