Mashine ya Jumapili

Jirani wa ghorofa ya tatu husaga chakula kama anayebembeleza mtoto. Mashine yake ni ndogo, haizidi birika la chai, lakini Jumapili hapa Bremen, Ujerumani, hata kupiga msumari ukutani ni kuwachokoza watu, kwa hiyo huiviringishia taulo, huikumbatia kifuani na kubonyeza kidogo kidogo huku akiinong'oneza, "Tulia, tulia." Karoti, viazi, siagi kiduchu, chumvi hakuna. Wiebke, wa mlango unaotazamana na wake, aliizoea sauti hiyo tangu mama wa jirani aliposhindwa kutafuna. Ila mama huyo alizikwa Novemba. Wiebke mwenyewe alimwaga koleo la mchanga juu ya jeneza.

Jumapili iliyopita mchana alisikia mngurumo, halafu bomba la kupashia nyumba joto likagongwa, ngo, ngo, kama wanavyogonga watu wa jengo hili wakichoshwa na kelele. Akaona bora amwonye mwenzake kabla hawajaja kumfokea.

"Watu wameanza kugonga, jirani. Unawajua na Jumapili yao."

"Karibu, Bi Wiebke. Namalizia tu."

"Kwani unamsagia nani?"

Jirani alizima mashine. Bomba likagongwa tena, karibu sana, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Akafungua kifuniko, akaufikicha ule uji kati ya vidole, akatikisa kichwa.

"Si majirani hao," alisema, akibana kifuniko upya. "Ni Mama. Anasema bado una chembechembe."