Mtandio wa Zuhura kwenye Vyuma vya Meno Yangu

Chekeni tu wenzangu, najua habari hii mmeshaipata nusunusu, kwamba Anchia alikutwa ndani ya nyumba ya watu kanasa kwa meno kama samaki kwenye ndoana, na ni kweli, sikatai, aibu ni yangu na nimeshaizoea. Ila aliyewasimulia hakuwemo chumbani mle. Mimi nilikuwemo, na ya mle chumbani hayachekeshi yote.

Mnajua nilikwenda kufungwa vyuma vya meno Pemba yetu ya huku bara, si ile ya kisiwani (aparelho, wenyewe wa mjini ndivyo wanavyoita), na daktari akanifunda kama mwari: usitafune korosho, usitafune muwa, waya ukikuchoma weka nta, nta ikiisha sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, ukitaka usukume polepole kwa ufutio wa penseli, lakini usiukate wala usiuvute mwenyewe, nipigie simu. Nikaitikia kila neno kwa adabu zote. Nikarudi kwetu Kionga, na jioni ile ile shangazi akachoma pweza mkavu, na pweza mkavu hakutajwa kwenye maagizo (ndivyo nilivyojiambia), nikatafuna. Kidude kimoja cha jino la pembeni kikang'oka, kikawa kinateleza juu ya waya kama shanga, na waya wenyewe ukachomoka kwa nyuma, ukapinda, ncha ikawa inanichimba shavu na kuchungulia pembeni mwa mdomo kama ndevu ya kambale.

Nta nilikuwa nimeisahau dirishani, jua limeiyeyusha imekuwa uji wa vumbi. Nikasukutua maji ya chumvi, maumivu yakapungua, na hapo ningetulia nikapiga simu Pemba, mambo yakaisha. Lakini siku ya pili mchana walikuwa wanakuja watu wa posa kutoka Mtwara, ndugu zake Bakari anayetaka kunioa, waje kunitazama, na mimi kila nikitabasamu natoa ndevu. Nikasema aa, waya wenyewe si wa kukunja kidogo tu? Nikachukua alikate ya baba, ile koleo ndogo anayokazia nyaya za pikipiki, nikaiosha kwa sabuni, nikajiona daktari.

Kilichokosekana ni kioo. Chetu kilikuwa mikononi mwa dada zangu, na ukijaribu kumnyang'anya mwanamke kioo siku ya wageni unatafuta vita. Nikakumbuka kabati la kioo kirefu nyumba ya pili, kwa Mama Zuhura.

Zuhura alikuwa shoga yangu tangu chuo cha Kurani, kitanda kile tumelala pamoja sijui mara ngapi. Siku ya kukimbia vita kila mtu alishika njia yake porini kuelekea mtoni. Sisi tulikutana ng'ambo, Zuhura hakuonekana. Mpaka leo hakuna aliyekuja kusema amekufa wala aliyekuja kusema yu hai. Mama yake aliporudi hakutaka kulala mle, analala kwa dada yake karibu na msikiti, na sisi wote tukawa tunaiita nyumba tupu.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, wakati ambao bibi zetu hawapendi mtu apitepite ovyo, kuku wenyewe wamejibanza kivulini hawalii. Mlango wa uani ulifungwa kwa kamba. Nikafungua, nikaingia chumbani kwa Zuhura, nikasimama.

Kitanda kimetandikwa. Kapulana, kanga zake, zimekunjwa, zimepangwa. Kwenye kigoda kando ya kitanda kuna glasi imefunikwa kisahani. Nikakiinua kisahani. Glasi imejaa maji safi, hayana hata chembe ya vumbi, na glasi yenyewe ya baridi. Nikakirudisha kisahani, nikajiuliza, nyumba haina mtu, maji kayateka nani? Mwenye akili angetoka. Mimi nilikuwa na waya mdomoni na watu wa Mtwara wako njiani.

Kioo kilikuwa kimefunikwa kwa mtandio mweupe wa Zuhura, ule wa kitambaa cha vitundu aliouvaa Idi, umepigiliwa misumari miwili juu ya kabati. Sikutaka kuung'oa, nikauinua tu, nikaingiza kichwa chini yake, ukanifunika mpaka mabegani. Nikatia alikate mdomoni, nikabana, nikavuta. Waya ukafyatuka kwa nje. Nikaruka kwa maumivu, mtandio ukaniingia kinywani, na waya ukaushika.

Nikavuta, jino likaniuma mpaka sikioni. Nikajizungusha, nikajifunga zaidi. Alikate imeshaanguka uvunguni. Na mbele yangu, kwenye kioo, yupo msichana kajitanda mtandio wa Zuhura, kinywa wazi, damu inamchuruzika kidevuni, ananitazama, na haki ya Mungu kwa muda kidogo sikumjua ni nani.

Ndipo nikasikia ufagio uani. Kwaa. Kwaa. Polepole. Nikaguna kuomba msaada, na sauti iliyotoka hata mimi sikuipenda. Ufagio ukanyamaza. Ukaanza tena. Nikaguna mara ya pili.

"Nani humo?"

Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura. Nikasikia kandambili zake ukumbini, zinakuja, zinasimama, zinakuja. Zikafika mlangoni.

"Zuhura?"

Nikataka kusema "Si yeye." Sasa wenzangu, jaribuni kutamka "si" na kitambaa kinywani, mdomo umevutwa na waya! Nilichotoa ni "iii yeye."

"Ndiye," akasema yule mama, polepole, kama anayemjibu mtu. "Ndiye yeye."

Akanikumbatia kwa nyuma. Sijawahi kukumbatiwa vile. Kichwa chake kililala mgongoni kwangu, na mimi nimefungwa kwenye misumari siwezi kugeuka, siwezi kusema, machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya jino au ya nini. Halafu akainua uso akapiga kigelegele.

Kionga si kubwa. Kigelegele kimoja kikaitikiwa na nyumba ya pili, ya tatu, watu wanakimbia wanapokezana, "Zuhura karudi! Zuhura karudi!", wanawake wakajaa uani, wakajaa ukumbini, wengine wanalia wengine wanacheza. Na Mungu hapungukiwi mipango: wageni wa Mtwara ndiyo kwanza wanashuka garini. Wakasikia shangwe, wakadhani wanapokewa wao. Shangazi yake Bakari, mwanamke mnene mchangamfu, akaitikia kigelegele kwa nguvu zake zote na kuingia ua wa watu akicheza.

Mama yangu ndiye aliyejipenyeza mpaka mbele. Aliniangalia miguu kwanza, akaona kandambili zangu.

"Mama Zuhura," akasema, "mwenzangu. Huyu ni Anchia."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, chumbani, kisha ukumbini, kisha uani, mpaka kikabaki kimoja tu, mbali, cha mtu ambaye hajaambiwa.

Mama Zuhura hakuniachia mara moja. Alipita mbele, akaninyanyulia mtandio machoni, akagusa vile vyuma kwa ncha ya kidole, kimoja baada ya kingine, kama anayesoma. Akashusha mkono.

"Leteni mkasi," mama yangu akasema.

"Msikate." Mama Zuhura hakupandisha sauti. "Mwenyewe akija atauulizia."

Ikaletwa sindano, misumari ikang'olewa, nikakalishwa kitandani, na Mama Zuhura akaanza kunitoa uzi mmoja mmoja, na mimi kinywa wazi, mate yananidondokea kwenye gauni la posa, watu wamejipanga mlangoni wananitazama. Shangazi wa Bakari akamwinamia mama yangu, akauliza kwa kunong'ona ambako nyumba nzima ilisikia:

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mama akajibu, anatazama sakafu.

Uzi wa mwisho ulipotoka Mama Zuhura aliukunja mtandio, akauweka mapajani.

"Mbona hukupiga hodi, mwanangu?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani hamna mtu."

"Nani kakwambia hamna mtu?"

Damu ilikuwa imenijaa kinywani, nikanyoosha mkono kwenye ile glasi nisukutue, akanishika kiganja. "Hayo yana mwenyewe. Wakuletee mengine." Hapo ndipo nilipoona kisahani kiko pembeni, na glasi imebaki nusu. Mle ndani walijaa watu, na jua lile kila mtu ana kiu, lazima kuna aliyekunywa. Ila nimewauliza wote waliokuwemo, na kila mmoja anasema si yeye. Mama Zuhura aliitazama ile glasi. Kisha akainuka, akaenda mtungini akaijaza, akaifunika, akatuambia tutoke taratibu.

Nilirudi Pemba. Daktari alinitengeneza kinywa na kunisema vya kutosha, naye hata nusu ya kisa sikumweleza. Posa ilipita. Shangazi wa Bakari alisema msichana anayeweza kukaa kinywa wazi muda wote ule bila kumjibu mtu neno atakaa vizuri na mume (bado hajanijua). Tangu siku hiyo waya ukinichoma natia nta, nasukutua chumvi, nashika simu, na koleo sitii mdomoni tena hata niwe naposwa na nani.

Ila kubwa nililoapa si hilo. Asubuhi nyingine namsaidia Mama Zuhura kufagia ua, na akinituma ndani sifungui ile kamba mpaka nipige hodi. Napiga mara tatu, nasimama nasikiliza. Natamani niitikiwe, na naomba Mungu nisiitikiwe.