Kondo la Ukoo Nisioujua

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mmezoea kuwekea kila kitu sahihi haraka haraka. Ngojeni niwaambie jinsi mkono wa mtoto wetu ulivyokaribia kupotea nikiwa nauliza maswali. Na sijutii kuuliza.

Mjukuu wangu alikuwa hajaanza shule. Alivuta sufuria ya uji ikamwagikia mkono wa kulia, huko mtaa wa Dallas, mjini Embu, alikokaa na mama yake. Baba yake, mwanangu, alikuwa mji wa Maua akiendesha pikapu ya miraa. Mimi niliacha viazi vikiwa vimechimbuliwa nusu shambani kwangu, Kibirichia, nikashuka mpaka hospitalini Embu.

Nilikuta vidole vimevimba na ngozi imetoka. Daktari, msichana mdogo kuliko wanangu, akasema kidonda kikijifunga vibaya, vidole vitajikunja kama kucha za kuku na havitafunguka tena. Walikuwa na njia waliyokuwa bado wanaitafiti. Wangemfunika mkono kwa utando mwembamba ambao mwili haukatai, uamshe seli changa za mtoto mwenyewe zitengeneze ngozi.

"Seli?" nikamuuliza. "Mtoto amemwaga uji, hajaiba ng'ombe. Seli za nini?"

"Si seli za polisi, shosho. Ni vijichembe vya mwili. Hivi vichanga vinaweza kugeuka vikawa ngozi."

"Na huo utando mnautoa wapi?"

Hapo akapunguza sauti. "Kwa kondo la nyuma, shosho. La mama aliyejifungua salama. Limepimwa magonjwa, likasafishwa."

Mke wa mwanangu aliniangalia. Kalamu alikuwa nayo mkononi, na fomu ya idhini mbele yake, lakini hakuandika. "Mama, sema wewe," akaniambia. Nilimpigia mwanangu simu, naye akasema, "Mama, wewe ndiye uko hapo." Basi mzigo wote ukawa wangu.

Kwetu kondo halichezewi. Linarudishwa udongoni, kwenye migomba ya nyumba ile ile, na mtoto anakuwa wa pale. Sasa nikishika mkono wa mjukuu wangu nikaushonea kondo la nyumba nyingine, atakuwa wa nani?

"Ni la mwiriga gani?" nikauliza. "Ukoo gani?"

"Hatujui. Jina la mama huwa linafichwa."

"Basi akikua akaolewa na kijana wa ukoo huo, si ameolewa na ndugu yake? Wewe mwenyewe wa wapi?"

"Chuka."

"Na huko Chuka kondo mnazika wapi?"

"Kwa migomba, shosho, kama nyinyi."

"Mbona basi unazunguka na la mwenzako kwa kisahani?"

Alicheka, lakini hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, bega kwa bega na mimi. "Shosho, umewahi kuongezewa damu?"

"Nilipomzaa baba ya huyu."

"Uliuliza ilikuwa ya ukoo gani?"

Sikuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza. Ndani mtoto alikuwa analia, si kilio cha kudeka, kile cha kukauka koo. Nikamgeukia mke wa mwanangu. "Weka sahihi."

Msifikiri roho ilitulia. Siku zote za bandeji sikula nikashiba. Mtoto akijikuna, niliona ule utando umekataana naye. Akinyamaza, niliona umeanza kumwozea. Jirani pale Dallas alileta asali ya kupaka kidonda, mwingine majivu, nikawafukuza wote mlangoni, halafu nikabaki nikijiuliza kama nimefukuza dawa. Niliomba Mungu, lakini hata katikati ya maombi nilikuwa nikinusa ile bandeji.

Siku ya kufungua nilishindwa kuangalia. Nilisikia tu daktari akimwambia, "Shika kidole changu. Kaza." Kisha, "Sasa achilia."

Akaachilia. Nilipogeuka, vidole vilikuwa vimefunguka, vyekundu, vyenye ngozi laini ya kitoto. Kile cha mwisho kilibaki kimepinda kidogo, na kimepinda mpaka leo.

Mwanangu aliporudi kutoka Maua niliwaita wote kwa boma, mabinti na wake wa wanangu, wengine wakiwa na mimba. Nikawaambia: "Atakayejifungua hospitali akiombwa kondo, atoe. Migomba itangoja. Na hapa kwangu mtu asiulize limepelekwa kwa ukoo gani."