Kahaso Akataa Kurogwa

Kahaso Randu wa Tezo hushona makuti. Ukimwambia paa lako linavuja, atakuuliza ni nani mvivu aliyeliezeka. Mimi ni jirani yake, ulimi huo naujua.

Mwaka huu alianza kukonda, chakula hakishuki. Hospitalini wakamwingiza mpira wenye kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima: saratani ya tumbo. Kaka yake Mwaringa hakungoja maelezo. Alikwenda kwa mganga, na mganga akamtaja baba yao mdogo, mzee Ngowa. Kosa lake? Ana mvi na ana shamba. Kwetu hayo mawili yamewazika wazee wengi, na mimi yananitia hasira hadi leo.

Ukoo ukaitwa uani kwa Kahaso, nasi majirani tukasogea. Vijana walikaa na mapanga, eti wametoka kulima. Mzee Ngowa alikaa peke yake.

Kahaso akatoka ndani akijikongoja.

"Nilimuuliza daktari Charity, nani kanifanyia haya? Akanambia mwilini mna jeni za ulinzi, kazi yake kuzuia chembe zisizaane ovyo. Zangu zimenyamazishwa. Hazikukatika, zipo, ila zimegandwa na kemikali, zikafungwa mdomo kama mlinzi wa shamba aliyevamiwa. Huenda ni vidudu vilivyokaa tumboni miaka mingi vikilichubua."

"Na vidudu hivyo kavituma nani?" Mwaringa akauliza.

"Tumekunywa kisima kimoja tangu utoto, kaka. Labda hata wewe unavyo. Kapimwe kwanza, ndipo uje unitafutie mchawi!"

Mtu akacheka, akanyamaza upesi. Mwaringa akasema mganga wake hakosei.

 Kahaso akaomba bakuli la uji, akampa mzee Ngowa alishike. Watu wakatazamana, maana kwetu mtu aliyetajwa na mganga hupokei kitu mkononi mwake, hata maji.

"Baba mdogo, ninyweshe."

Mzee akamnywesha, uji ukamwagikia leso ya Kahaso. Kila funda lilimuuma, tuliliona likimuuma, machozi yakamtoka. Alikunywa mpaka bakuli likaisha. Kisha akajifuta mdomo, akawatazama wale wenye mapanga.

"Nikifa, nimekufa kwa saratani. Atakayemgusa mzee huyu, huyo ndiye muuaji, na nitamshtaki mwenyewe nikiwa hai."