Bahasha Kumi na Moja

Mtafiti wa ghorofa ya pili huchunguza jinsi watu wanavyopanga kazi zao za siku. Orodha za watu baki huzipitia kwa kidole, polepole, kama anayechambua mchele. "Kazi ikiahirishwa mara tatu," huwaambia wanafunzi kwa sauti ya chini, "ikateni vipande vidogo." Orodha yake mwenyewe ameibandika ukutani: kununua bahasha, kuandika anwani ya dada yake, kubandika stempu. Zote zina alama ya vema, isipokuwa ya mwisho: kumwomba arudi nyumbani. Mganga hajigangi, huwaza katibu muhtasi wake. Leo, akitafuta pini, mama huyo amekuta drooni bahasha kumi na moja zenye anwani ya dada huyo na stempu, zote tupu ndani.

"Nikuitie tarishi?" akamuuliza taratibu.

"Bado kipande kimoja, mama. Nimekikata kila namna, hakikatiki."