Ok-hwa na Mtungi wa Mama Yake

Ok-hwa alizaliwa Osaka, Japani, akashona viatu Osaka, na huko watoto wa jirani walimzomea kwamba ananuka kitunguu saumu kama Wakorea wote. Alipokuja kwetu Korea, kisiwani Jeju, watoto wetu wakamwita Mjapani. Hawakubuni wenyewe, waliyasikia kwa mama zao.

Alikuja na mtungi uliofungwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na mama yake, aliyetaka jambo moja tu kabla ya kufa: azikwe mlimani kwao, ubavuni mwa wazazi wake. Mwenye kuamua alikuwa kaka wa marehemu, mzee Yang Du-sik, jirani yangu, mtu wa moyo mgumu na meno mazuri.

"Mlimchoma?" mzee aliuliza tukiwa chakulani, kwani kwetu maiti huzikwa, hazichomwi.

"Ndiyo, Mjomba. Huko wote huchomwa."

Angenyamaza hapo! Lakini maskini alidhani anamfariji. Akaeleza jinsi yeye na majirani walivyoiokota mifupa kwa vijiti, kama vile vya kulia chakula, wakianza na ya miguu, wakamalizia na ya kichwa, ili marehemu akae wima mtungini. Kwa Wajapani hiyo ni heshima ya mwisho.

Mke wa mzee akaweka vijiti vyake chini. "Kwa vijiti! Kama mnaokota kabichi ya kimchi! Na mchuzi mlitia?"

Watu wakaangua kicheko. Ok-hwa naye akatabasamu, kwani Kikorea chake kilikuwa cha polepole. Maneno yalipomwingia, uso ulimshuka. Niliwachukia wote mezani pale.

"Mjomba, nakuomba. Mpokee."

"Nitampokea. Nje ya ukuta wa makaburi, kwenye malisho. Bila tuta, bila jiwe. Na wewe ubaki jikoni, kwetu kuzika ni kazi ya wanaume. Au hilo nalo mama yako hakukufunza?"

Akabaki. Alituoshea vyombo vyote huku wanaume wakimpeleka mama yake.

Mwaka uliofuata, msimu wa kusafisha makaburi, alirudi na mundu mpya. Nilikuwa nimewapelekea wanaume chakula. Wao walikata nyasi ndani ya ukuta, yeye akasimama nje kati ya ng'ombe.

"Mjomba, mlimlaza wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapo wapi, Mjomba?"

"Nimesahau, binti. Si mnajua kuokota mifupa nyie? Tafuta."

Wana wa mzee walipajua. Hakuna aliyenyoosha kidole. Ok-hwa akapiga magoti, akaanza kufyeka malisho yote.